Wahubiri Waliochoma Hirizi

Simama Buguruni Sheli saa hizi, watu wakiwa wanagombea daladala za kwenda Gongo la Mboto, umuulize mtu mzima yeyote aliyekulia kanisani habari za Edmund John. Utapata majibu mengi kuliko watu uliowauliza. Mmoja atakuambia alikuwa padri. Mwingine atasema askofu. Wa tatu atakusimulia habari ya mgonjwa aliyeletwa amebebwa akarudi kwao kwa miguu, ila mtaa wa mgonjwa huyo utabadilika kila hadithi inaposimuliwa: leo Ilala, kesho Temeke, keshokutwa Magomeni. Na wakishamaliza kubishana, litakuja swali ambalo nimelisikia miaka yote katika mitaa hii: vitu vyake viko wapi? Biblia aliyokuwa akiishika, nani alibaki nayo? Nguo zake? Kiti alichokalia akiombea watu?

Jioni ya leo nataka tuzungumze habari ya maswali hayo, kwa sababu nayaona ni mazito kuliko yanavyochukuliwa.

Tuanze na yasiyo na ubishi. Edmund John alizaliwa mwaka 1922 na kufariki tarehe 9 Juni 1975. Alikuwa Mwanglikana, mlei, mtu wa kawaida wa kanisani asiye na daraja la ushemasi wala upadri. Anayesema alikuwa askofu anamchanganya na ndugu yake mkubwa, John Sepeku, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Dar es Salaam kuanzia 1965, na askofu mkuu wa kwanza wa Kanisa Anglikana Tanzania lilipopata jimbo lake lenyewe mwaka 1970. Huduma ya Edmund ya kuombea wagonjwa na kutoa pepo ilivuma hapa mjini miaka ya mwanzo ya 1970, na iliendana na toba, kusameheana, na kufunga sana. Joseph Namata aliandika habari zake katika kitabu, Edmund John: Mtu wa Mungu. Baada ya kifo chake huduma iliendelea mikononi mwa wenzake, akiwemo Cyprian Sallu.

Hayo yameandikwa. Yanayobaki, na ni mengi sana, yamo vinywani mwa watu. Vinywa hivyo vinazeeka. Kijana aliyekuwa na miaka 20 siku Edmund alipofariki leo ni mzee wa miaka 70 na zaidi.

Sasa, kwa nini hakuna vitu? Watu wanashuku wizi. Wanashuku kwamba kundi fulani limeficha, au kwamba familia fulani imefungia sandukuni. Mimi nadhani jibu liko kwenye imani yenyewe ya wahubiri wale, na ili kulielewa inabidi turudi nyuma kidogo, hadi Rwanda na Uganda.

Uamsho wa Afrika Mashariki ulishika moto katika miaka ya 1930 kutokea Gahini, Rwanda, penye hospitali ya misheni, ukaenea Uganda, ukaingia Tanganyika kupitia Bukoba, ukafika Kenya. Watu wake waliitwa Balokole kule Uganda, yaani waliookoka, na huku kwetu tukawaita ndugu wa Uamsho. Walikuwa na desturi zao zinazojulikana: kutubu hadharani, kutaja dhambi kwa jina lake, kurudisha mali ya wizi kwa mwenyewe, kulipa madeni ya zamani, kukaa katika ushirika na kuambiana ukweli. Wao walisema ni kutembea nuruni. Na pale mtu alipookoka, kama alikuwa na hirizi kiunoni, tunguri chini ya kitanda, au pembe iliyozikwa mlangoni, vilitolewa nje na kuchomwa moto mbele ya watu.

Fikiria moto ule. Mtu ametoa hirizi aliyovalishwa na bibi yake, iliyomlinda, kwa anavyoamini, katika ndui na katika safari. Ameitupa motoni huku anatetemeka. Mtu huyo asubuhi amechoma ngozi iliyoshonewa maandishi. Jioni utamwambia aokote leso ya mhubiri aiweke chini ya mto? Hawezi. Atakuwa ameirudia hirizi ileile kwa mlango mwingine. Ndiyo maana ndugu wa zamani hawakutunza vitu vya wahubiri wao. Nguo za marehemu ziligawiwa wenye shida, zikavaliwa hadi zikachakaa. Biblia ilipewa mwinjilisti kijana, akaenda nayo kijijini, ikanyeshewa, ikaisha.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Simeoni Nsibambi wa Kampala, mmoja wa waanzilishi wa Uamsho wenyewe. Aliacha kazi ya serikali akahubiri. Akaacha na viatu, akatembea peku miaka yake yote iliyobaki, mpaka alipofariki mwaka 1978. Mtu aliyevua viatu kwa hiari yake, utaweka nini kwenye kabati la makumbusho?

Lakini hapa Dar es Salaam mambo yalikuwa na upande wa pili, na hili sijalisikia likisemwa mara nyingi. Uanglikana wa pwani ulitoka kwa misheni ya UMCA, iliyoweka makao yake Zanzibar. Hao walikuwa watu wa ubani, mishumaa, mavazi ya ibada na kuheshimu watakatifu. Ingia Kanisa Kuu la Mkunazini, Unguja: utaonyeshwa msalaba uliotengenezwa kwa mti wa Chitambo, ule ambao chini yake ulizikwa moyo wa David Livingstone mwaka 1873. Utaambiwa pia kwamba altare imesimama pale palipokuwa na nguzo ya kuwachapia watumwa. Kwa hiyo Mwanglikana wa Dar alilelewa akijua kwamba kipande cha mti kinaweza kubeba kumbukumbu takatifu, halafu akakutana na mahubiri ya toba yanayomwambia achome kila kitu anachokitegemea badala ya Mungu. Malezi yote mawili yamo ndani ya mtu mmoja, na yote mawili yanasema ndani yake anapouliza Biblia ya Edmund iko wapi.

Na Maandiko nayo hayakutuachia njia nyepesi. Wasomaji wa Biblia mnajua kwamba katika Matendo ya Mitume, sura ya 19, leso na nguo zilizomgusa Paulo zilipelekwa kwa wagonjwa. Mnajua kwamba katika Wafalme wa Pili, sura ya 13, maiti iliyotupwa kaburini mwa Elisha iligusa mifupa yake ikafufuka. Kisha katika kitabu hichohicho, sura ya 18, mfalme Hezekia anaivunja vipande vipande nyoka ya shaba, ile aliyoitengeneza Musa mwenyewe jangwani, kwa sababu watu walikuwa wameanza kuifukizia uvumba. Kitu kilikuwa cha kweli. Historia yake ilikuwa ya kweli. Kikavunjwa.

Majirani zangu Waislamu, ambao ndio wengi katika mitaa yetu, nao wana mjadala wao wa siku nyingi kuhusu ziara kwenye makaburi ya masharifu, wapi heshima inaishia na wapi ushirikina unaanzia. Nimekaa barazani nikasikiliza pande zote mbili. Hoja zinafanana sana na zetu.

Nasema mjadala huu ni mzito kwa sababu umeshaua watu. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia kukanyaga mafuta yaliyoombewa. Mwaka 2011 nchi nzima ilihamia Samunge, Loliondo, kwa kikombe cha dawa cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500. Magari yalijipanga kilomita nyingi, na wapo waliokufa njiani, na wapo walioacha dawa za hospitali. Kiu ya kitu cha kushika, kunywa au kukanyaga ipo, na haijapungua. Wazee wa Uamsho waliijua kiu hiyo vizuri, ndiyo maana waliwasha moto.

Sasa niwape kisa cha hapahapa kwetu. Upande wa Malapa yupo bibi mmoja aliyenionyesha kaseti. Anaitunza ndani ya kopo la Blue Band, imeviringishwa kwenye kipande cha khanga, na kopo liko juu ya kabati, karibu na bati, nyumba haina dari. Ubavuni pameandikwa kwa bolpeni, kwa herufi kubwa: MAOMBI, USIFUTE. Vile vidude viwili vya plastiki vya juu vimevunjwa, kama wengi wetu tulivyofanya zamani ili redio isirekodi juu yake. Familia nzima, watoto mpaka wajukuu, wanajua kwamba ndani ya kaseti hiyo kuna sauti ya Edmund John. Kaseti imewahi kuwekwa kifuani pa mtoto mwenye degedege. Mzee mmoja wa ushirika, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, anakataa katakata. Anasema ile sauti si yake. Wamenuniana kwa ajili hiyo miaka mingi, na watoto wao wamerithi.

Ajabu ni kwamba hakuna aliyekuwa ameisikiliza kwa muda mrefu. Redio ya kaseti ilishakufa. Tuliipeleka kaseti kwa fundi pale sokoni, kijana mtaratibu sana. Akaifungua kwa bisibisi ndogo. Kile kisponji kinachosukuma utepe kwenye kichwa cha redio kilikuwa kimedondoka, na ukingo wa utepe ulikuwa na ukungu mweupe. Akahamishia utepe kwenye ganda la kaseti nyingine nzima, akauzungusha polepole kwa kalamu mwanzo mpaka mwisho ili usinate, halafu akaicheza mara moja tu huku simu mbili zikirekodi. Alitwambia kaseti ya umri ule ukiicheza hovyo inaweza kukatika au kuvuliwa rangi ya sauti, na ikishavulika haina dawa.

Tukasikia pambio, makofi, mtoto analia, honi ya treni kwa mbali. Kisha mhubiri. Sauti nzuri, ya mtu asiyekimbia. Anafundisha habari ya kusamehe kabla ya kuombewa. Kaseti ikiwa imeshakwenda karibu nusu ya upande wa kwanza, anamtaja Edmund, na anamwita marehemu.

Kwa hiyo ilirekodiwa baada ya Juni 1975, na msemaji ni mtu mwingine, yumkini mwanafunzi wake. Mzee wa ushirika alikuwa na haki. Nilimwangalia bibi nikihofia ameumia. Alikaa kimya muda, kisha akauliza, basi huyu ni nani? Na kabla hatujamjibu akaanza kujijibu mwenyewe. Akataja nani alikuwa akija kwenye maombi yale, nani alipika, walikuwa wakikaa mkekani wanawake upande gani, taa ya chemli ilitundikwa wapi, nani aliletwa akiwa hoi na baadaye ikawaje, nani hakupona akazikwa. Alizungumza mpaka adhana ya magharibi. Mwanawe alisema hajawahi kuyasikia yale maisha yake yote. Hakuna aliyewahi kumuuliza, kwa sababu wote waliamini kwamba kila kitu kimo kwenye kopo.

Hapo ndipo penye hoja yangu ya leo, wasikilizaji. Hawa wahubiri walituachia ushuhuda. Ndio urithi walioukubali wenyewe. Ushuhuda lakini ni kitu chenye tabia yake: unasemwa upya kila Jumapili, mbele ya watu wapya, na kila anayeusema ana haja yake. Unakua. Unapunguzwa. Unahamishwa mtaa. Na ukitazama kwa makini hadithi za wahubiri zinazogombaniwa, utaona mara nyingi ugomvi wenyewe ni wa mirathi: nani aliachiwa joho, kama Elisha alivyoachiwa na Eliya.

Chukua mwanzo wa Uamsho wenyewe. Inasimuliwa kwamba Septemba 1929, kilimani Namirembe, Dakta Joe Church, Mwingereza wa hospitali ya Gahini, aliyekuwa amechoka mwili na roho baada ya njaa kubwa ya Rwanda, alikutana na Simeoni Nsibambi akiwa amesimama kando ya pikipiki yake. Wakakaa siku mbili na Biblia, wakitafuta habari za Roho Mtakatifu. Wakaachana wakiwa watu wengine. Huo ndio mwanzo unaosimuliwa mara nyingi zaidi, na ni hadithi nzuri: Mzungu na Mwafrika, wote wana kiu, hakuna aliye mwalimu wa mwenzake. Church aliiandika mwenyewe katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1981.

Sasa muulize Mganda. Atakuambia Nsibambi alikuwa ameshaongoka na kuhubiri kabla hajamwona Church. Muulize Mnyarwanda wa Gahini. Atakuambia moto uliwaka kwao, hospitalini, kwa watu kama Yosiya Kinuka na mwalimu Blasio Kigozi, ndugu mdogo wa Nsibambi. Kigozi huyo alikuja Kampala Januari 1936 akiwa na ujumbe wa kuliambia Kanisa liamke, akashikwa na homa ya kupe, akafa tarehe 25 mwezi huohuo. Ujumbe wake ukachukuliwa na Kanisa la Uganda lote kuelekea jubilei ya mwaka 1937. Kifo kile kiliufanya ujumbe usikike kuliko uhai wake ungeweza, na watu wakaanza kuhesabu Uamsho kutokea hapo.

Wote hao wana sababu zao. Lakini angalia ni nani ana karatasi. Nyaraka za Joe Church, barua, shajara, taarifa za safari, zipo Cambridge, Uingereza, zimepangwa, na mtafiti yeyote akienda anasoma. Nsibambi aliacha nyayo za miguu peku. Kwa hiyo miaka 100 ijayo, hadithi itakayoshinda itakuwa ya Church, na itashinda bila yeye kusema uongo wowote, kwa kuwa yeye aliandika na mwenzake hakuandika. Hilo linaniuma, na nalisema kwa heshima zote kwa daktari yule, ambaye bila yeye tungekuwa na kidogo zaidi.

Hata penye karatasi ubishi haukosekani. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa chuo cha wachungaji cha Mukono, William Nagenda akiwa mmoja wao, walifukuzwa. Wakuu wa chuo walisema ni utovu wa nidhamu, walikatazwa kuhubiri alfajiri wakahubiri. Ndugu walisema ni mateso kwa ajili ya Injili. Tukio ni moja, tarehe moja, na majina yanajulikana. Ukisoma upande mmoja tu utawaona kama watu wengine kabisa.

Ng'ambo ya Ziwa Albert, huko Boga, kuna kaburi la Apolo Kivebulaya, Mganda aliyewapelekea Injili watu wa misitu ya Ituri, akafariki Mei 1933. Inasimuliwa kwamba aliagiza alazwe kichwa kikielekea magharibi, kwenye msitu wa Kongo, kinyume cha desturi, kwa sababu kazi ilikuwa bado huko. Nimesikia watu wakibishana kama kweli aliagiza au wanafunzi wake ndio waliompa maneno hayo. Mimi sioni aibu kwa upande wowote. Lakini Apolo alikuwa na tabia moja iliyotuokoa: aliandika shajara, na shajara zake zipo Makerere. Unaweza kumbishia mtu na ukamsoma hapohapo.

Simon Kimbangu wa Kongo alihubiri miezi michache tu mwaka 1921, akahukumiwa kifo, adhabu ikageuzwa kifungo cha maisha, akakaa gerezani miaka 30 hadi alipofariki tarehe 12 Oktoba 1951 katika mji wa Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, mji wa Waswahili wenzetu. Wakatoliki wakasema alibatizwa Katoliki kitandani akifa. Wakimbangu wakakataa, na wanakataa mpaka leo. Mwaka 1960 mwili wake ulirudishwa kwao Nkamba. Mzigo wa mabaki yale ulibeba jibu la swali la nani mwenye Kimbangu.

Asidhani mtu kwamba haya ni ya Waafrika tu. George Whitefield, Mwingereza aliyehubiri viwanjani mbele ya maelfu, alifariki Newburyport, Massachusetts, tarehe 30 Septemba 1770, akazikwa chini ya mimbari ya kanisa. Alikuwa mhubiri wa toba na kuzaliwa mara ya pili, Mprotestanti asiyetaka hata kusikia habari za masalia ya watakatifu. Miaka mitano baadaye wanajeshi wa Marekani waliokuwa wakienda kuishambulia Quebec chini ya Benedict Arnold walifungua jeneza lake, wakachukua kola na ncha za mikono ya vazi lake, wakazikatakata na kugawana maofisa. Walishindwa vibaya kule Quebec. Baadaye mtu akaiba mfupa wa mkono wake ukapelekwa Uingereza, ukarudishwa mwaka 1849. Kidole gumba kinachosemwa ni chake kipo katika Chuo Kikuu cha Drew, New Jersey. Na wakati huohuo mahubiri yake yaliyochapishwa, na shajara zake, yanasomwa bure na yeyote anayetaka.

Nikisoma habari ya kile kidole namfikiria mtoto wa Malapa aliyewekewa kaseti kifuani. Waliofanya hivyo walikuwa wazazi wenye hofu, usiku, mtoto anatetemeka. Siwahukumu. Ila kaseti ile ilikuwa na kazi nyingine, na ilikaa ndani ya kopo ikiungua joto la bati miaka yote bila kuifanya.

Kuna wanaosema kwamba kuchunguza habari za mtumishi wa Mungu ni kukosa imani. Nawapinga. Edmund John na wenzake walidai watu waseme kweli kuhusu dhambi zao kabla ya kuombewa. Huduma iliyosimama juu ya ukweli wa namna hiyo haiwezi kulindwa kwa hadithi za kuongezea. Watu wanapobishana kama zile saumu ndizo zilimmaliza, au kama alijua siku yake, mimi napenda kujua kwanza anayesema alikuwa wapi mwezi Juni 1975. Kama alikuwepo, namsikiliza mpaka mwisho, hata akisema jambo nisilolipenda. Kama alisimuliwa, namuuliza na nani.

Hatuhitaji jengo la makumbusho kwa kazi hii. Jengo la redio ya taifa lipo hapo Barabara ya Nyerere, ile tuliyoijua kama Barabara ya Pugu, dakika chache kutoka hapa, na siku zote maktaba ya kanda za zamani imehitaji watu wa kujali kuliko inavyohitaji saruji. Kila parokia ina kabati la rejista. Kila familia ina simu.

Kwa hiyo naomba hivi. Kama una kaseti ya maombi au mkutano wa injili wa miaka ya 1970 au 1980, iondoe juu ya kabati leo usiku. Iweke pakavu, mbali na bati na mbali na spika yenye sumaku. Usiijaribu kwenye redio mbovu. Mpelekee fundi anayejua kazi, na siku ya kuicheza uwe tayari unarekodi. Kama una daftari la ushirika, lenye majina ya waliookoka na tarehe zake, lipige picha ukurasa kwa ukurasa, hata zile kurasa zilizoliwa na mende. Daftari hilo lina majina ya watu ambao hata cheti cha kuzaliwa hawakuwahi kuwa nacho.

Na kama una mama, shangazi, babu, aliyekuwepo, kaa naye. Mwanzo wa kurekodi ataje jina lake, mtaa aliokuwa akiishi wakati huo, na mwaka. Aseme alichokiona kwa macho yake, kisha aseme alichosimuliwa, na wewe uviweke mbalimbali. Usimsahihishe. Akisema Edmund alikuwa padri, mwache amalize. Andika pembeni kwamba hakuwa. Muulize na habari za wale ambao hawakupona, kwa sababu nao waliombewa, na familia zao zipo hapa mitaani zikisikiliza shuhuda za wenzao kila wiki.

Wiki ijayo, siku na saa kama hii, nitaanza kusoma habari mtakazotuletea hapa studio. Zitakazogongana nitazisoma zote, kila moja na jina la aliyesimulia, kama ameridhia litajwe, na mahali alipokuwa amesimama siku hiyo.